Nilivyozunguka Ghuba Kuwatafuta Watu wa Kaluore

Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Mkinikuta Kondele nanunua nyanya, mnataka habari ya jogoo. Mkinikuta kanisani, mnauliza kama ni kweli nilibishana na wazungu kwenye skrini. Jirani yangu mmoja hapa Migosi anamwambia kila mtu kwamba nilikwenda kuoa mjane. Basi nimekaa nikaandika yote, na atakayeniuliza tena nitampa hii asome. Sikuoa mtu.

Kwa wachache wasionijua: naitwa Odhiambo, na nina diploma ya maendeleo ya jamii. Niliisomea jioni, mchana nikitengeneza simu katika kibanda pale Kondele, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifika Kisumu na shati moja, wakati sisi wa Naivasha tulipofukuzwa baada ya uchaguzi ule uliochafuka. Kwa kuwa sisi ni Wajaluo, watu walituita waliorudi nyumbani, ingawa mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya maua na Kisumu sikuwa nimewahi hata kupita. Kwa hiyo mambo ya kufukuzwa sikuyasoma darasani. Leo chuo fulani cha ng'ambo kikitaka kujua habari za watu waliohamishwa kwa nguvu katika ukanda huu wa ziwa, simu inayolia ni yangu. Kwa miaka kadhaa nimewauliza watu maswali kwa niaba yao, na mengi ya majibu waliyojivunia kwenye mikutano yao yalitoka kwa watu niliowaketisha mimi.

Safari hii nilitaka kuongoza. Utafiti ulihusu Kaluore, kijiji cha pwani upande wa kusini wa ghuba, ambacho ziwa lilipanda likakimeza, nyumba, kanisa na makaburi. Watu wake walitawanyika. Sasa maji yameanza kurudi nyuma, na kabla hata matope hayajakauka kuna mtu ameshapigilia vigingi vya kupimia ardhi. Ripoti moja ya ofisi fulani ilikwisha kusema kwamba watu wa Kaluore wamehamia kwingine kwa hiari yao. Utafiti wetu ukisema hivyohivyo, ardhi ile itakuwa haina mwenyewe. Na anayeandika neno la mwisho ni anayeongoza.

Wale wa ng'ambo wakasema mwenye diploma haongozi. Nikawaambia basi watafute mwenye shahada tatu anayeijua njia. Tukakubaliana hivi: nizunguke ghuba nzima niwatafute watu wa Kaluore, nikiandamana na daktari mmoja wa chuo cha Nairobi, kisha wataamua ni nani kati yetu aongoze.

Kutoka Migosi

Daktari Mwende alikuja hadi mlangoni kwangu asubuhi, na viatu vyeupe. Ni mwanamke wa Machakos, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu aliyezoea darasa kubwa. Udaktari wake si wa sindano, ni wa vitabu, na juu ya jambo hili hili la wakimbizi. Alinisalimu vizuri. Kamera ilining'inia shingoni mwake na hakuivua mpaka siku nilipomwomba aivue, habari nitakayoifikia.

Dereva alikuwa Baba Joy, ambaye wengi wenu mnamjua. Tulipofika Kondele alisimamisha gari kumsalimu fundi wa matairi, kisha muuza mahindi, kisha mwanamke aliyesema ni shangazi yake, ingawa alikuwa mdogo kuliko yeye. Daktari aliuliza kwa upole kama bado tuko ndani ya ratiba. Baba Joy alimwambia kwamba haijapata kutokea ratiba iliyovuka Kondele ikiwa nzima.

Njiani Daktari aliniuliza nimejifunzia wapi mbinu za utafiti. Nilimwambia mbinu yangu ya kwanza nilijifunza wakati sisi ndio tuliokuwa tunaulizwa. Kule uwanjani walikokusanywa watu wetu baada ya Naivasha alikuja mtu na kalamu akamwuliza mama yangu ana watoto wangapi, akaandika, akaondoka bila kuuliza wako wapi. Nilikuwa mmoja wa waliokuwa hawapo. Daktari hakusema pole, na hilo nililipenda.

Luanda Kotieno

Feri ya kutuvusha hadi Mbita haikuwapo. Magugu maji yalikuwa yameziba upande wa pili, na mtu wa tiketi alituambia itakuja ikija. Watu walikuwa wamekaa juu ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwa, kama waliohamia pale.

Kuchelewa kule kulitufaa, kwa sababu Mzee Agutu, wa kwanza katika watu wangu wa Kaluore, anaishi hapo hapo pwani. Alikuwa mvuvi kwao na bado ni mvuvi, ila sasa anakodi chumba kimoja cha mabati pamoja na mkewe. Alitukaribisha kwa samaki wa ngege wa kuchemsha na ugali wa mtama. Daktari alikula vizuri akaacha kichwa. Mke wa mzee alikitazama kile kichwa, akamtazama Daktari, akaniuliza kwa Kijaluo kama mgeni ni mgonjwa. Nilisema huko kwao ndivyo wanavyokula. Aliusogeza mkono, akakichukua, akakila yeye huku akitikisa kichwa kwa huruma.

Baada ya chakula Daktari aliuliza maswali yake, mimi nikitafsiri pale Kiswahili cha mzee kilipokwama. Alitaka kujua wanaishije, wanapata nini, wana mpango gani wa kurudi. Mzee alijibu kila swali kwa adabu. Wako sawa. Samaki wapo. Watoto wanasoma. Kurudi, atajua Mungu. Niliuliza kwa njia nyingine, nikazunguka, nikarudi kwa mlango wa nyuma kama nilivyozoea. Bado wako sawa.

Ndipo feri ikalia. Mzee aliruka kama aliyechomwa. Alisema mgeni wa mbali haondoki nyumbani kwake bila kula kuku, na kama hakuna muda wa kumchinja basi tutakwenda naye. Akatoka nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya wavu, akamsukuma mikononi mwangu. Nilimwambia ni mkubwa mno kwa zawadi ya njiani. Alinisindikiza mbio hadi kwenye feri, akasimama kuhakikisha buti ya gari imefungwa, kisha akapunga mkono na kucheka. Nilidhani anafurahi kwa heshima niliyompa.

Katika feri

Katikati ya maji magugu yalitukamata. Injini ilikoroma, ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa. Watu walitoa chakula. Karibu yetu alikaa mfanyabiashara wa nyavu, tumbo kubwa, redio ndogo shingoni, aliyetaka kujua Daktari anatoka wapi na anatafuta nini. Nilimweleza. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba watu wa Kaluore walishahamia zamani, yeye anawauzia nyavu Luanda Kotieno, anawauzia Mbita, wana simu, wana vitanda, wengine wamenenepa.

"Kunenepa ndio kuhama?" nilimwuliza.

"Bwana, mtu aliyefukuzwa hanunui kitanda."

"Wewe ukifukuzwa kwako leo, kesho utalala chini mpaka lini, ili sisi tukuamini?"

Watu walicheka, na mwanamke aliyekuwa amebeba godoro alisema huyo atalala juu ya tumbo lake. Lakini si wote waliokuwa upande wangu. Mzee mmoja aliyevaa koti alisema ni kweli, mtu ambaye amekaa mahali miaka, kama hataki kuwa mtu wa hapo anataka nini? Mjadala ulisambaa feri nzima. Niliusimamia kama ninavyosimamia vikao, nikimpa huyu zamu na kumnyamazisha yule, na Daktari alikuwa anaandika tu. Nilimwona akipigia mstari maneno ya muuza nyavu. Hilo halikunipendeza.

Magugu yaliachia jua lilipokuwa limeinama. Jogoo alikuwa hajatoa sauti hata moja.

Mbita mpaka Homa Bay

Mbita tuliwakuta wengine wa Kaluore, ndugu wawili na familia zao, wanaokausha omena juu ya nyavu. Wako sawa. Asubuhi yake, njia ya Homa Bay, tulimpata mwalimu mstaafu wa Kaluore anayeishi kwa binti yake. Alitupa uji wa wimbi wenye ndimu na hotuba ndefu kuhusu siasa. Kuhusu kurudi, naye alisema wako sawa.

Homa Bay tulisimama kula. Baba Joy alimnywesha jogoo maji kwa kifuniko cha chupa, na alimzoea kiasi cha kumpa jina la mbunge wake. Mimi na Daktari tulikaa ndani, mbele ya samaki wa mbuta wa kukaanga, na hapo akaniambia kilichokuwa moyoni mwake. Nampa haki yake: aliniambia usoni. Alisema kila tuliyemwuliza ametupa jibu lile lile, na hatuwezi kuandika tunachotamani wangesema. Akasema pengine ile ripoti ya ofisi haikukosea sana.

"Majibu ndiyo majibu, Bwana Odhiambo."

Nilimwambia kwamba mama yangu aliulizwa habari zake maisha yake yote na alijibu yuko sawa kila mara, hata akiwa analala kwenye hema. Akasema hiyo ni kumbukumbu, si ushahidi. Nikasema kama utafiti wake hauna mahali pa kumweka mama yangu, basi utafiti huo ni mdogo kuliko mama yangu. Watu wa meza ya pili waliacha kula. Daktari alikunja kitambaa cha karatasi mara nyingi, kisha akauliza imebaki sehemu gani. Nilisema kimebaki kilima kilicho juu ya Kaluore, wanakokaa wale ambao hawakwenda mbali.

Hata hivyo, jamani, nilikuwa na hofu. Najua kusoma uso wa mtu anayekaribia kuandika. Kama kilimani pia wangesema wako sawa, Daktari angeongoza, na Kaluore ingeandikwa kijiji kilichohama.

Kilima juu ya Kaluore

Tuliipita Kendu Bay, tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo mweusi iliyomfanya Baba Joy amwombe Mungu kwa majina yake yote. Mbele yetu palikuwa na kilima kifupi cha mawe, na juu yake nyumba za mabati na turubai, kama kumi na kitu hivi. Chini ya kilima lilikuwa ziwa. Ndani ya maji, si mbali, mlionekana vijiti vilivyokufa vya ua wa manyara vikifuata mstari wa boma, na ukingo wa paa la kanisa. Na pale maji yalipokwisha kuondoka, juu ya matope, vilikuwa vile vigingi, vipya, vyenye vichwa vyekundu.

Mwenyekiti wa kilima ni Mama Konsolata, mjane, muuza samaki, mwanamke mwenye kifua kipana na macho ambayo hayapepesi. Alikuwa amearifiwa tunakuja. Viti vilikuwa vimepangwa, wanawake wengi wamekaa na wanaume wachache wamesimama. Tulisali. Tulijitambulisha. Nilianza kueleza tulichokuja kufanya, na nilikuwa naeleza vizuri, nyinyi mnanijua nikipata watu wanaosikiliza.

Hapo jogoo akawika.

Baba Joy, kwa huruma yake, alikuwa amemfungua kamba anyooshe miguu. Yule ndege alitoka kwenye buti, akapanda juu ya jiwe katikati ya zile nyumba, akapiga mabawa, akawika mara ya pili kwa nguvu kama aliyelipwa. Mwanamke mmoja alisimama akaondoka. Wanaume waliangalia chini.

"Hii jogoo ni ya nani?" Mama Konsolata aliuliza.

Nilisema ni wetu, tulipewa njiani.

"Nyinyi mmekuja na jogoo." Aligeuka kwa Daktari. "Na kamera mmekuja nayo."

Kwa ajili ya rafiki zangu wasio Wajaluo, nieleze. Mwanaume wetu akianzisha boma jipya, haendi mikono mitupu. Anakwenda alfajiri na mwanawe wa kwanza, shoka, mkewe akiwa na moto, na jogoo. Jogoo yule akiwika mahali pale, hapo ni nyumbani. Si nyumba, nyumbani. Pale mwenye boma atakapofariki, ndipo jogoo wake huchinjwa. Haya yote niliyajua kama mtu anavyojua wimbo aliousikia kwa jirani. Naivasha, kwenye nyumba za wafanyakazi, kila mtu alifuga jogoo na hakuna aliyeanzisha kitu. Mimi ndege yule nilimwona mboga.

Mama Konsolata hakumwona mboga. Aliniambia, tena kwa Kiswahili ili Daktari asikie, kwamba mwaka uliopita walikuja watu wa ofisi, wazuri, wenye soda. Walipiga picha sukuma wiki iliyopandwa nyuma ya nyumba. Wakaenda wakaandika kwamba watu wa Kaluore wameshahamia na wanalima. Tangu siku ile watu wa kilimani waling'oa kila mche. Na jogoo hawakuwahi kuleta, tangu siku ya maji. Kuku majike wapo, mayai yapo. Jogoo hapana.

"Leo nyinyi mmeona sukuma hakuna, mkabeba jogoo yenu kutoka Kisumu. Iwike, mpige picha. Si ndiyo?"

Daktari alianza kusema kwamba hakuna mtu aliyekusudia. Mama Konsolata alimwonyesha kiganja. Alisema kikao kimekwisha, na wanawake wakaanza kuinua viti. Daktari aliniinamia sikioni akasema tuondoke kwa heshima, tusiongeze kosa.

Nilikataa. Sikuzunguka ghuba nzima nifukuzwe na kuku. Nilimwomba Daktari avue kamera, naye aliivua, na nikamkabidhi Mama Konsolata aishike mwenyewe. Kisha nikavua koti langu la kikao nikamfuata jogoo.

Sitawaeleza yote. Aliingia chini ya kitanda cha kukaushia samaki, nami nikaingia. Akapita kati ya sufuria, akaruka juu ya turubai, akateremka upande wa pili, nami nikazunguka. Wale waliokuwa wakiondoka walirudi kutazama. Nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Hiyo ndiyo diploma? Kimbia, diploma!" Mwingine akasema kama ninawinda hivi, mke wangu anakula majani. Nilimkamata kwa mkia mbele ya mlango wa Mama Konsolata mwenyewe, suruali imepasuka gotini, na niliinuka nikiwa nimemshika juu kama kombe.

Nilipendekeza tumchinje yaishe. Wakapiga kelele wote kwa pamoja, na ikabidi mzee mmoja anieleze polepole kama mtoto: jogoo akichinjwa hapa, tutakuwa tumesema kuna mwenye boma hapa na amekufa. Mabaya mawili kwa kisu kimoja. Kama alikuja mzima, aondoke mzima. Basi Baba Joy akampeleka hadi sokoni kule barabarani, akarudi mikono mitupu, na hajawahi kuniambia alimpa nani.

Viti vilirudishwa, lakini Mama Konsolata hakuketi. Kamera ya Daktari ilikuwa imening'inia mkononi mwake kama kikapu.

"Wewe umesema ni mtu wetu," aliniambia. "Kwenu ni wapi?"

Nilitaja kijiji cha babu yangu.

"Umejenga huko?"

"Hapana."

"Unakaa wapi?"

"Nakodi Migosi."

"Mtu mzima kama wewe. Na diploma. Jogoo yako iko wapi?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Jamani, nimejibu maswali ya watu wenye shahada ambazo hata kuzitamka ni kazi, lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Ningeweza kusema niko sawa. Nilisema kweli. Nilisema babu yangu alikuwa na boma, na baba yangu aliliacha, na mimi nilikozaliwa ni Naivasha, mlango wetu ulichomwa nikiutazama. Nilisema watu wananiita niliyerudi, na mimi sijarudi popote. Nikijenga kule kwa babu, nitakuwa nimekubali kwamba Naivasha haikuwa kwangu, kwamba waliotufukuza walikuwa wanatusaidia kufika nyumbani. Sikubali. Ndiyo maana nakodi.

Hakuna aliyenipa pole. Mama Konsolata akamrudishia Daktari kamera yake, akaketi.

"Andikeni," alisema. "Anayehama anang'oa mlango wake anabeba. Mlango yangu iko pale chini ya maji, na mume yangu iko pale. Sisi tumekaa hapa juu tunawangoja."

Walisema wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likawa linatuchoma upande wa pili wa uso. Walitueleza ni nani alilala wapi usiku maji yalipoingia, nani alibebwa mgongoni, kaburi la nani lilikuwa karibu na lipi. Walitupeleka mpaka kwenye matope wakatuonyesha mipaka yao kwa vidole, huku wakivipita vile vigingi vyekundu kama mtu anavyompita mlevi. Daktari alivua viatu vyeupe akaingia topeni bila kuambiwa. Jioni walituletea samaki, na mwanamke mmoja alimkazia macho mpaka akala kichwa.

Kurudi Kisumu

Tulirudi kwa njia ya Katito na Ahero, kila mtu na tope lake. Tulipopata mtandao mzuri nilimpigia Mzee Agutu wa Luanda Kotieno, Daktari akisikiliza kwenye spika. Nilimwuliza jogoo yule alitoka wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema wakwe zake walimletea bila kufikiri, na mkwe hakataliwi zawadi yake. Kuchinja zawadi ya mkwe bila mgeni ni aibu, na kumfuga kwenye chumba cha kukodi ni kusema Kaluore imekwisha. Siku tatu alimfunika na karai asiwike. "Mungu ndiye aliwaleta," alisema.

Daktari alizima simu akamwambia Baba Joy asimame. Alishuka akazungukazunguka kando ya barabara, kisha akaja dirishani kwangu. Tulikuwa tumewauliza watu kama watarudi, alisema, na huwezi kumwuliza hivyo mtu ambaye kwa hesabu yake hajaondoka. Ilibidi tutazame wanachokataa kufanya. Nilimwambia hilo ndilo nililotaka kusema pale Homa Bay. Akasema sikulisema. Nikasema nilisema habari za mama yangu. Alifikiri, akakubali.

Tukapiga simu Mbita, tukampigia na mwalimu mstaafu. Hakuna hata mmoja mwenye jogoo. Mwalimu alitaka kujua kwa nini hatukumwuliza jambo la maana kama hilo siku ile, tukamaliza uji wake kwa maswali ya ovyo.

Mbele ya skrini

Wale wa ng'ambo walikuwa watano, kila mmoja na rafu yake ya vitabu nyuma ya kichwa. Mimi na Daktari tulikaa bega kwa bega katika chumba cha kukodi mjini, kwa sababu umeme wa Migosi haukuaminika asubuhi ile. Nilieleza safari yote. Nilieleza vizuri. Walifurahi mno, walipiga makofi madogo ya kwenye skrini, mmoja alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo miaka yote aliyofanya kazi hii.

Kisha mwenyekiti wao, mzee mwenye sauti laini, alisema kwa kuwa jambo ni kubwa hivi, lahitaji jina lenye uzito. Daktari Mwende aongoze na aandike hitimisho. Mimi nitashukuriwa kwa dhati katika ukurasa wa mbele.

Niliwaambia shukrani zao wabaki nazo. Nilisema nimekwisha kushukuriwa katika kurasa za kutosha, na mtu hawezi kukaa ndani ya ukurasa wa shukrani. Kama mwenye diploma alitosha kuuliza, atatosha kuandika. Na kama hatatosha, waje wenyewe wapande kile kilima wakaulizwe alichoulizwa yeye. Mwenyekiti alianza kusema ananielewa. Nilimwambia asinielewe, anijibu.

Wote walimtazama Daktari, nami nilimtazama. Alikuwa na kazi ambayo angeipata kwa kuitikia kwa kichwa tu, na hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi ningemlaumu kidogo tu.

"Kule juu mimi sikukaribishwa," alisema. "Nilisindikiza. Mkiniweka niongoze, nitalazimika kumwajiri yeye aniombee ruhusa ya kupanda. Mwekeni yeye. Mimi nitakuwa chini yake, nisahihishe marejeo, maana hayo kwa kweli hayawezi."

Marejeo ni ile orodha ya vitabu mwishoni. Ni kweli siyawezi, na sijali.

Walizima sauti wakashauriana, midomo yao ikicheza kama ya samaki. Waliporudi, mwenyekiti alisema naongoza, na hitimisho ni langu. Aliuliza kama nina lolote la kuongeza. Nilisema nitaliongeza kwenye ripoti.

Nilitoka nje nikampigia Mama Konsolata. Nilimwambia ni mimi nitakayeandika, na kwamba nitaandika walifukuzwa na maji, hawakuhama, na ardhi ile ina wenyewe wanaoilinda kutoka kilimani. Nilingoja vigelegele. Aliniuliza tu kama daktari mwenye viatu bado yuko, nikasema yuko chini yangu. Akasema hiyo ni vizuri, yule ana macho.

Kisha akauliza Migosi ninakokodi ni upande gani hasa.

Nilimwuliza ya nini.

"Wale wa soda walituandika, hatukujua pa kuwafuata," alisema. "Wewe ukituandika vibaya, nataka kujua nabisha wapi."

Nikamwelekeza. Ashuke Kondele, apande juu, apite kanisa, lango la bluu, mlango wa tatu kulia. Nikamwambia abishe kwa nguvu, kwa sababu nikiandika huwa sisikii.